Babu Nyoosha Kakalia Mikono

Wapo watu wenye ugonjwa wa kusema, wapo wenye ugonjwa wa kula, na yupo mzee mmoja, seremala mstaafu, ambaye ugonjwa wake ni kunyoosha. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaitikia salamu macho yake yameshakwenda kwenye picha iliyoning'inia upande. Siku moja alikwenda kutibiwa mgongo. Daktari akatoka kidogo, na aliporudi akamkuta mgonjwa kapanda juu ya kiti, anakaza bawaba ya kabati la dawa. Watoto wa mtaani wakamwita Babu Nyoosha, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alipostaafu kwenye karakana ya samani, mkewe alivumilia kadiri alivyoweza. Mzee alinyoosha rafu za jikoni, akanyoosha miguu ya kitanda, kisha akaanza kumfundisha mama wa watu namna ya kupanga vifuniko vya sufuria. Hapo Bibi akampa vidonge vyake.

"Mzee, kile kibanda cha uani kina mlango, kina dirisha, na mimi simo. Nenda kakae huko."

Basi kibanda kikageuka shule ya useremala kwa watoto wa mtaani. Zana zote zilikuwa za mtumba, nyingine zimeshapita mikono mitatu minne kabla ya kumfikia. Misumeno aliipata kwa wauza vyuma chakavu, imeliwa na kutu mpaka meno yanaona haya. Patasi zilikuwa za seremala aliyefariki, na mjane wake alikuwa akizitumia kufungulia makopo. Randa moja aliikuta dukani kwa muuza nafaka, imewekwa chini kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mzee nusura alie. Alizisugua kwa mafuta na msasa, akazinoa, akaikata mipini ya nyundo ili itoshe viganja vidogo. Ile randa ya mlangoni, mpini wake ulikuwa umelika upande, kwa kuwa mwenyewe wa zamani, Mungu amrehemu kama hayupo, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Hiyo haikuhitaji kuulizwa itakuwa ya nani.

Ilikuwa ya mjukuu wake, mtoto wa bintiye, msichana wa miaka tisa ambaye alikula, akaandika na kuwapiga wenzake makofi kwa mkono wa kushoto, na wote wakamwita Shoto. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kwa ule utani wa bibi na mjukuu, maana tangu ajue kutembea mtoto huyo hakubanduka ubavuni kwa babu yake.

Jumamosi mchana kibanda kilijaa watoto, vumbi la mbao na kelele. Mzee alifundisha vizuri, tumpe haki yake. "Msumeno si mkokoteni, usiusukume. Yaache meno yale yenyewe, wewe uongoze tu." "Mkono usio na kazi ukae nyuma ya patasi. Ukikaa mbele, utakuja kuhesabia vidole vya mwenzako." Na kila somo lilifungwa kwa methali ileile, kidole juu: "Samaki mkunje angali mbichi!" Watoto walikuwa wakiimaliza kabla yake.

Ubaya ulianza watoto wakishaondoka. Kazi zao walizilaza kibandani ili gundi ikauke, na mzee akabaki nazo peke yake, mwanamume mwenye ugonjwa mbele ya dawa yake. Alikuwa akishika kigoda kimoja, akakitazama mguu uliokwenda nje kama wa mtu anayetaka kukimbia, na mikono ikaanza kumwasha. Randa kidogo tu. Msasa kidogo tu. Mpaka jua linazama, vigoda vyote vimesimama wima kama vya dukani. Wazazi walistaajabu. Kinyozi wa mtaani alikiweka kigoda cha mwanawe mbele kabisa ya kioo, na hakuna mteja aliyenyolewa bila kusimuliwa kipaji cha mtoto yule. Watoto wenyewe wakishangaa, mzee aliwaambia kwamba mbao zikilala hutulia, na gundi huzivuta zikanyooka. Alisema uongo huo kwa uso mkavu wa mtu anayesoma taarifa ya habari.

Ikafika zamu ya Shoto na kisanduku cha vifungo. Alikitengeneza kwa ajili ya mama yake, ambaye ni fundi cherehani, na kazi yenyewe ilikwenda vizuri hadi kwenye kifuniko, kilichotoka kipana kuliko kisanduku. Shoto alikaa nacho mchana mzima, ulimi nje, akaviringisha pembe zake zote, kisha akachimba kishimo kidogo ukingoni, pa kuweka dole gumba wakati wa kufungua. Akakilaza, akaenda zake akipiga mluzi.

Jioni mzee akakiona kifuniko kimekivuka kisanduku kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Haikumchukua muda kutengeneza kingine kilichokaa sawasawa. Kile cha zamani alikitia kwenye jiko dogo la pale kibandani pamoja na maranda, akachemshia chai.

Jumamosi iliyofuata Shoto alikichukua kisanduku, akapitisha dole gumba ukingoni, akapitisha tena.

"Babu, kifuniko changu kiko wapi?"

"Si hicho hapo?"

"Hiki hakina pa kuweka dole."

"Mbao zikilala, mjukuu wangu, hutulia…"

"Na pembe nazo zinaota?"

Mtoto wa kinyozi, aliyekuwa akipiga msumari pembeni, akaacha nyundo. "Ndiyo maana! Kigoda changu kilikuwa na ufa mguuni. Ufa nao ulilala ukapona?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mzee siku hiyo iliishia hapo hapo kibandani, mbele ya darasa zima. Alikohoa. Akasema alipitisha randa, kidogo tu.

"Kifuniko changu kiko wapi?" Shoto akauliza tena.

Macho ya mzee yalikwenda penye jiko, na mtoto akayafuata. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikiweka kisanduku mezani taratibu, akasema, "Basi hiki ni chako, Babu. Mimi bado sijatengeneza," akatoka.

Jumamosi nyingine watoto wengine walirudi wote, kwani mtoto hana kinyongo na mahali penye nyundo. Shoto hakuja. Randa yake ilibaki rafuni, na mzee siku hiyo alipima ubao uleule mara nyingi na bado akaukata mfupi. Tuseme wazi: aliumia. Alimpenda yule mtoto kuliko mbao zote alizowahi kuzigusa, na sasa alijua kwamba amemdhulumu, tena kwa mikono ileile aliyojivunia maisha yake yote.

Akamweleza mkewe, akitaraji kuhurumiwa. Kosa lingine.

"Samaki umemkunja angali mbichi," Bibi akasema, "ukamkaanga, ukamla mwenyewe. Mtoto wa watu kabaki na sahani."

"Nilitaka kazi yake ipendeze."

"Impendeze nani?"

Mzee akaanza kukwangua gundi iliyokauka kuchani.

"Na mimi hapa nimepinda tangu nije kwako, mbona hukuninyoosha?"

"Nilijaribu. Mwaka wa kwanza."

"Ukakiona cha mtema kuni. Haya, vaa viatu ukaombe msamaha."

Nyumbani kwa bintiye cherehani ilikuwa ikilia. "Shikamoo, baba," binti akasema bila kuinua macho kwenye mshono. "Mwenye kesi yako yuko uani."

Shoto alikuwa akisugua viatu vya shule. Akaamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni, na hilo likamchoma mzee kuliko tusi. Akachuchumaa, magoti yakalia.

"Nimekosa," akasema. "Kifuniko chako nilikichoma. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa na akili ambayo mimi sikuiona. Ni hii mikono yangu, haijui kutulia."

Shoto akasugua kiatu, akafikiri. "Basi ikalie."

"Niikalie?"

"Shuleni mwalimu akitaka tutulie tunakalia mikono. Mimi nitarudi, ila wewe ukalie mikono."

Hivyo ndivyo seremala aliyeogopwa karakana nzima alivyoanza kufundisha akiwa juu ya kreti, mikono chini ya mapaja, akionyesha kwa kidevu. "Hapo. Hapana, hapo. Kushoto ya hapo." Pua ikimwasha, mtoto wa kinyozi alimkuna, akataka na shukrani. Bibi alitafuta sababu za kupita dirishani: mara anaanika nguo, mara anaanua nguo hizohizo zikiwa bado mbichi.

Shoto alirudi, akacheka, akamtania babu yake kama zamani. Lakini kila saa ya kuondoka ilipofika, alikusanya kazi yake yote, hata kama ni mguu mmoja tu wa kigoda, akaibana kwapani na kwenda nayo nyumbani. Alikuwa amemsamehe babu yake, ila hakuwa amemwamini, na mzee, akimtazama akipinda kona na mbao zake kwapani, aliijua tofauti. Angetoa kila alichonacho kibandani ili siku moja mtoto yule aondoke mikono mitupu.

Kigoda alichokuwa akikitengeneza kilikuwa cha Bibi, akikalie wakati wa kuchambua mchele. Siku kilipounganishwa, Shoto alikikalia, kikasema ko, ko.

"Kinayumba," akasema.

"Kweli?" Mzee alikuwa ameujua mguu wenye kosa tangu ulipokatwa.

"Mguu upi mrefu, Babu?"

Ilikuwa kumeza jiwe. "Wewe unaonaje?"

Shoto akaona vibaya. Akaukata mguu usio na hatia, kigoda kikaacha kuyumba na kuanza kulala upande. Akakata mwingine. Mzee juu ya kreti alikuwa akitoka jasho kama mwanamke wa uchungu, mapaja yameibana mikono hadi vidole vikafa ganzi. Kigoda kilizidi kushuka. Mtoto wa kinyozi akauliza kwa upole kama sasa kitakuwa cha kukalia kuku.

Shoto hakumjali. Alikipindua, akazitazama nyayo za kigoda kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye kapu la vipande, akaokota kijibao cha rangi nyekundu, akakikata, akakipaka gundi, akakikandamiza chini ya ule mguu uliokuwa mfupi kuliko yote.

"Nimekivisha kiatu," akasema.

Kiatu chenyewe kilikuwa kikubwa, chekundu kwenye mguu mweupe, na gundi imefura pembeni. Mzee akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, kigoda kilikuwa kimesimama chini, kifupi, na hakitikisiki.

Wenzake wakaondoka. Shoto akakiinua kigoda ili akibane kwapani kama kawaida, na kiatu kikateleza. Akakirudisha chini haraka, akakisogeza kiatu mahali pake.

"Gundi inataka mpaka lini?"

"Mpaka kesho," mzee akasema. "Ukikibeba leo, kiatu kitavuka." Mikono aliiacha palepale chini ya mapaja.

Shoto akakitazama kigoda. Akamtazama babu yake, juu mpaka chini, kama anavyotazamwa mtu anayetaka kuazima kitu.

"Basi kilale hapa," akasema. "Nitakuja kesho."

Akairudisha randa yake rafuni, akatoka, mikono ikining'inia mitupu. Mzee alimsindikiza kwa macho hadi akapotea.

Kisha wakabaki wawili, yeye na kigoda. Mikono ikatoka yenyewe chini ya mapaja, ikawa inapata damu, inawasha. Patasi ilikuwa karibu. Mkwaruzo mmoja tu wa gundi iliyofura, nani angejua? Akainuka, akaenda moja kwa moja mlangoni, akatoka, akafunga kwa ufunguo. Alipoingia jikoni alikuwa anahema.

"Nishikie huu," akamwambia mkewe, akimtia ufunguo kiganjani. "Mpaka mwenyewe atakapokuja. Hata nikikuomba kwa machozi, usinipe."

Bibi alifungua kinywa ili amtanie, akamtazama usoni, akakifunga. Akaufungia ufunguo kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akaendelea kupika.