Nyumba ya Mose

Nyakerario wa Nyansiongo hakujua kusema uongo. Wauza maziwa wenzake walimtania kwamba angeona haya hata kumdanganya ng'ombe. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, na aliusemea Nairobi.

Mwanawe Mose aliugua akili akiwa kijana mkubwa. Asubuhi moja, akiamini baba yake, Haron, ameingiwa na pepo waovu, alimkata kwa panga katikati ya shamba la chai. Korti ilisema kweli ameua, ila hakuwa na akili timamu, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, kwenye wadi zenye kuta ndefu na askari jela mlangoni. Kwa siku moja Nyakerario akawa mjane wa aliyeuawa na mama wa aliyemuua. Majirani hawakujua wampe pole ya lipi.

Alipomtembelea mara ya kwanza, Mose, macho yakiwa mazito kwa dawa, aliuliza habari za baba yake kama mtoto yeyote wa Kisii anayemwona mtu wa kwao.

"Tata yuko?"

Tata alikuwa chini ya udongo, uani mbele ya nyumba. Nyakerario alitoa ndizi kikapuni. "Yuko," akasema. "Anachuma chai."

Mose alimenya ndizi aliyoletewa, akatulia. Basi ikawa hivyo miaka yote. Tata ana kikohozi. Tata amenunua ndama. Kule wadini Haron alizeeka vizuri, akaota hata mvi.

Hatimaye madaktari walisema Mose amepata nafuu, na anaweza kurudi ikiwa nyumbani watampokea na kumsimamia dawa zake. Nyakerario akapiga moyo konde, akamwendea Momanyi, ndugu wa marehemu, akamsihi mpaka akakubali Mose arudi. Lakini kwa mila mwana aliyetahiriwa halali ndani ya nyumba ya mama yake, na esaiga ya Mose, kijumba chake cha ujana, ilikuwa imechomwa na watu wenye hasira. Akamjengea nyingine ya mabati. Mlango akauelekeza barabarani, si uani kama ule wa kwanza.

Alikwenda kumpa habari hiyo akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu msiba. Muuguzi Damaris aliketi nao.

"Nyumba imeisha," alisema Nyakerario.

"Mlango inaangalia wapi?"

"Barabarani."

Mose aliinamisha kichwa. "Ndio nisione kaburi ya Tata."

Nyakerario alimgeukia muuguzi, lakini Damaris alikuwa akitazama chini.

"Mama, mimi najua nilifanya nini. Nimejua kitambo. Nilikuwa nakuuliza nikingoja siku moja ukasirike, unitukane, ulie. Wewe unaniambia ako na kikohozi."

"Niliogopa utaumia, mwanangu."

"Sasa kama huwezi kumtaja mbele yangu, nitapita hapo kwake aje kila asubuhi?"

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma mama yake.

"Siji saa hii. Enda nyumbani ulie, Mama. Ukimaliza, kuja unichukue."

Nyumba ya Mose ingali na kufuli. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, Nyakerario huifagia. Kisha huzunguka nyuma yake, uani, akaketi kando ya kaburi la Haron, akalia kwa sauti. Bado hajamaliza.