Siku Niliyofika Harusini Nikiwa Safi

Ulikuwa ule mwaka tulikula maharagi yasiyoiva. Usiniulize namba yake; namba niliwaachia watu waliosoma. Muulize mutu yeyote wa Goma wa umri wangu, "Maharagi magumu ulikula mwaka gani?" na utaona anashika tumbo. Wakimbizi walikuwa wamejaa kila mahali penye udongo wa kulalia, miti ilikatwa, halafu visiki vikachimbwa, halafu mizizi. Kuni zikaisha. Chungu kilikaa motoni kidogo, tukasema basi, imetosha, tukatafuna. Bugali ilikuwa ya ule unga wa njano wa musaada, uliokuwa ukiuzwa kwa vikombe kule soko la Birere. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tuliwapenda, lakini watu waliogopa kuwala, juu ya maiti zilizosemwa kuwa majini. Kanisani matumbo yalinguruma mpaka padri akanyamaza yapite.

Wajukuu wangu, katika mwaka huo kuna asubuhi moja ambayo ninayo kichwani yote nzima, mimi ambaye siku hizi naita majina matatu ndipo nampata yule ninayemutaka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amenitoa kwetu Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe, akanileta nikae kwa dada yake, Shangazi Veronika, hapa upande wa Lac Vert, nje ya muji, chini ya huu mupando, huu mulima wa barabara munaoujua. Nyumba ndiyo hii hii, mbao tu ndizo zimebadilishwa.

Nilikuwa muzuri. Musicheke. Nilikuwa muzuri na nilijua. Binti ya mujomba wangu alikuwa anaolewa kule muji, na katika wasichana wote wa ukoo alinichagua mimi nitembee nyuma yake nimushikie nguo. Nikashonewa gauni jeupe. Watu wanalala chini ya turubai, mimi nashonewa gauni jeupe lenye maua kifuani! Nililitundika ukutani wiki nzima, nikawa naamka nalitazama kabla ya kusali.

Sasa sikilizeni desturi ya barabara hii, kwa sababu ninyi wa pikipiki na simu mumeanza kuisahau. Chukudu ikiwa inashuka, wewe toka njiani. Ni baiskeli ya muzigo ya mbao tupu, magurudumu mawili, haina breki ila kiatu cha mwenyewe, na mwenyewe anaipenda roho yake lakini muzigo wake haumupendi. Lakini chukudu ikiwa inapanda, mutu yeyote anayeelekea huko juu anatia mukono. Hauulizwi wewe ni wa wapi, na wewe hauulizi. Unasukuma mpaka juu, anasema aksanti, munaachana. Asiye na nguvu anafuata nyuma na jiwe, gurudumu likitaka kurudi analizuia. Mimi nimeona askari anatundika bunduki mugongoni, anasukuma makabichi ya mutu asiyemujua. Nimeona bibi kizee wa kuomba mukate anabeba jiwe.

Asubuhi ya harusi tulitoka mapema, mimi na shangazi. Taksi hazikusimama chini ya mupando. Zikisimama pale, hazipandi tena. Zilingoja juu, pale penye mawe meusi mengi, na mwaka ule mafuta yalikuwa machache: ukipata taksi moja asubuhi, mushukuru Mungu, ya pili usiingoje. Basi tulipanda kwa miguu. Mimi mbele, nimeinua gauni kwa mikono miwili. Shangazi nyuma, amevaa kikwembe chake, kitenge cha sikukuu, cha kijani, kile ambacho hata Pasaka alikuwa anafikiria mara mbili kabla ya kukivaa. Barabara ilikuwa tupu, ukungu bado umekaa chini.

Katikati ya mupando kulikuwa na chukudu. Imefunikwa turubai ya bluu, imefungwa kamba, kama wanavyofunga makala, yale makaa ya kupikia. Mwanaume mwembamba, mukimbizi, nilimujua kwa ile turubai, alikuwa anaisukuma kwa kifua. Hatua moja, anapumua. Hatua moja, anapumua.

"Dada, tia mukono," aliniambia.

"Huoni nguo?"

"Naona. Tia mukono, dada."

"Mutu avae nyeupe asukume makala? Makala yako hayajaalikwa kwenye harusi!"

Nilicheka mwenyewe, nikaona nimesema kitu. Yeye hakucheka. Alisema, "Si makala." Alisema polepole, pumzi ilikuwa haimutoshi.

Wakati ule nilikuwa nimeshamupita. Na nilisikia, wanangu. Watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema hawakusikia. Mimi nilisikia. Nilifikiri basi ni viazi.

Juu, taksi ilikuwa pale, inanguruma. Shofere alitoa kichwa. "Mamuzeli! Harusi inaanza na wewe ao bila wewe? Nafasi mbili zimebaki, harakisha!" Niliingia. Nilitandika kitambaa kwenye kiti kwanza, halafu nikakaa, halafu nikatazama nyuma nione shangazi amefika wapi.

Shangazi hakuwa amefika popote. Alikuwa amevua viatu, amevitupa pembeni. Amepandisha kikwembe mpaka magotini, yeye, mama wa chama cha kanisa, na ameweka mikono miwili kwenye ile turubai. Yule mwanaume alikuwa anamuambia kitu. Ghafla shangazi akainua kichwa, akaona taksi, akainua mukono juu, akapunga. Alipiga kelele. Kwa mungurumo wa gari maneno hayakufika, lakini mukono ulifika. Nilijua maana yake kabisa. Mushike shofere, angoje.

Shofere alikuwa anatazama mbele. "Yule mama mwingine anakuja?"

Nikamuambia, "Atakuja na nyingine. Twende."

Na hakukuwa na nyingine. Nilijua.

Gari lilipoanza kwenda, turubai ilifunguka pembeni, muguu ukatoka. Muguu wa mwanamuke, umenyooka, vidole vimejikunja kama mutu anayeshika kitu kwa vidole vya muguu. Ningeweza kusema, "Shofere, simama." Ni maneno mawili. Nilijiambia ni mugonjwa, wagonjwa ni wengi mwaka huu, watu wengine watakuja. Nikageuka mbele, nikashika maua ya kifuani ili yasikunjike.

Harusi ilikuwa nzuri. Sitawadanganya. Kulikuwa na wali, mwaka ule, wali na nyama! Nilitembea nyuma ya bibi arusi, na mama mumoja akaniambia, "Mutoto huyu ametoka Lac Vert mpaka hapa, hata vumbi halikumugusa!" Nilifurahi. Nilicheza. Kila mara nilipoulizwa shangazi yuko wapi, nilisema tumbo linamuuma.

Nilirudi jua likikaribia kuzama. Shangazi alikuwa amekaa mulangoni. Amevaa sketi yake ya ndani na koti la mwanaume begani, koti la yule mukimbizi. Kikwembe cha kijani hakikuwepo. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa mawe. Alikuwa ametembea kutoka hospitali ya muji mpaka hapa hivyo hivyo, mukristo mukubwa, na wanawake waliokuwa wanachota maji walikuwa wamemucheka: "Mama Veronika, harusi ilikuwa kali, umerudi na nusu ya nguo!" Aliwajibu, "Nusu inatosha, ninyi vaeni nzima." Hayo nilisimuliwa baadaye.

Mimi nilisimama mbele yake. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Furaha," aliniita kwa jina, "geuka."

Nikageuka.

"Geuka tena. Inua mukono. Na ule mwingine." Alitazama gauni mbele, akatazama nyuma, akatazama chini kwenye pindo, kama mutu anayenunua ng'ombe. "Ni safi," alisema. "Natafuta alama ya siku ya leo kwako. Hakuna."

Halafu akanieleza, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. Mwanamuke alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku uliopita, mutoto amekaa vibaya. Mume aliomba gari kwenye kambi, hakupata, akaazima chukudu ya viazi. Walipofika juu ya mupando, taksi ilikuwa imekwenda. Basi wakasukuma mpaka muji. Walifika jua likiwa kichwani.

"Mama ni muzima," alisema. "Mutoto alifika amechoka. Alilia kidogo, akanyamaza. Nimemufunga na kikwembe changu, wamemuzika nacho."

Nilianguka chini na gauni langu. Nikamuuliza kile ambacho na wewe ungeuliza. "Shangazi, kama taksi ingengoja, angepona?"

 Nilingoja aseme hapana, ni mapenzi ya Mungu, nyamaza mutoto wangu. 

"Sijui," alisema. "Daktari hajui. Na wewe hautajua. Ndiyo hiyo utabeba, mimi siwezi kukubebea."

Akasimama, akaenda kupepeta maharagi ya jioni.

Jumapili iliyofuata, kabla ya misa, aliniambia nivae lile gauni jeupe. Nilidhani tunakwenda kanisani. Alinipeleka chini ya mupando, akaniambia ningoje. Chukudu ya kwanza ilipokuja ilikuwa ya makala, makala kweli, magunia manane, vumbi linadondoka. Mwenyewe alinitazama akasema, "Mamuzeli, wewe si wa kazi hii." Shangazi akamujibu, "Ni wa kazi hii. Anajifunza." Nilisukuma. Jasho na vumbi vilishuka kifuani mwangu pamoja, maua yakawa meusi. Watu waliokuwa wanakwenda misa walisimama wakacheka mpaka wakashikana. Tulipofika juu, yule papa mwenye chukudu alisema aksanti, akaenda zake. Hakujua kitu. Nililia, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kulia kwangu kukanisaidia.

Yule mume nilimutafuta kambini. Nilitaka kumuambia mimi ndiye nilimuambia shofere aende. Kambi ilikuwa kubwa kama nchi, turubai za bluu mpaka macho yanauma. Sikumupata. Mungu hakunipa kumaliza jambo hilo kwa urahisi, na sasa mimi ni muzee, nimeacha kumulalamikia.

Wanangu, vita imekuja mara ngapi tangu pale? Mimi nimeacha kuhesabu. Kila ikija, inawaleta watu kwenye barabara hii, na kila mara watu hao wanapanda mupando huu na magodoro, na mbuzi, na wazee. Nawaona ninyi vijana mumesimama pembeni, mumeinua simu, munapiga picha. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini picha haisukumi. Nawasikia pia munaulizana, "Hawa ni wa wapi? Wanasema luga gani? Ni wa upande gani?" Juu ya mupando mutauliza. Hapo chini, sukuma kwanza.

Nasema hivi, na naisema wazi ili musiseme bibi alizunguka. Mutu akikuambia "si makala", simama umusikilize mpaka mwisho. Usitegemee gari la pili kumubebea mutu uliyemuacha wewe. Ukikosa, usijitetee kwamba hukusikia, sema nilisikia. Na ukirudi nyumbani jioni, ujitazame kama shangazi alivyonitazama, mbele na nyuma, uone siku imekuacha na alama gani. Mimi najitazama hivyo mpaka leo. Siku nyingine naona alama, nalala vizuri. Siku nyingine niko safi, na silali.

Mungu awape migongo yenye nguvu. Awape mutu nyuma yenu siku ninyi wenyewe mutakuwa chini ya turubai, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeijua. Awajalie watoto wanaolia kwa nguvu wakizaliwa, na walie muda murefu, mpaka majirani wachoke. Na nchi hii ya volkano na ya vita iwavumilie.

Sasa niwaambie ya wiki iliyopita, maana mumesikia baba yenu akisema kichwa changu kimekuwa kigumu. Baraka, baba yenu, mutoto wangu wa kwanza, alikuja kutoka Birere na gari aliloazima. Mizinga ilikuwa inasikika kule Sake tangu asubuhi, na barabara ilikuwa imejaa. Alifungua mulango wa gari, akapakia godoro langu bila kuniuliza.

"Mama, ingia. Tunaondoka sasa hivi."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mupando na jiwe langu mukononi, maana siku hizi kazi yangu ni ya jiwe. Mbele yangu kulikuwa na mwanamuke mumoja na chukudu, watoto wawili juu ya magunia, na hakuna mutu nyuma yake. Nikamuambia Baraka, "Siondoki hapa mutu akiwa anasukuma peke yake."

"Mama! Bomu haliulizi nani anasukuma! Ingia kwenye gari, nakuomba, mimi ni mutoto wako!"

Ni mutoto wangu kweli. Nilimushika shavu. Halafu nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu la yule mwanamuke, nikamuonyesha Baraka nafasi kwenye magunia, pale pa kuweka mikono miwili, nikamuambia:

"Siondoki hapa mutu akiwa anasukuma peke yake."