Moyo Uliopiga Mkononi mwa Andati

Vijana wa Kaloleni humwita Andati Daktari, ingawa udaktari wenyewe, jamani, hakuusomea hata siku moja. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha mifugo, akiwapasulia wanafunzi mioyo ya mbuzi na kuwaonyesha neva zake, nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea. Hizi hupunguza mapigo, zile huyaharakisha. "Lakini hata mkizikata zote," aliwaambia, "moyo utaendelea kujipigia kwa muda. Ni mkaidi huu!"

Ukaidi huo ndio uliokuja kumnyima raha. Miaka miwili iliyopita mkewe, Nabwire, alifariki hospitalini. Daktari alithibitisha, akatoka. Andati akamshika mkono, na mkono ukapiga. Tu. Tu. Akajiambia ni moyo tu, unajipigia kama wa mbuzi. Hakumwita daktari arudi. Wakamfunika shuka, wakampeleka mochari. Tangu hapo hajawahi kunywa chai ikashuka vizuri. Je, alimwacha mkewe atiwe kwenye baridi ile angali hai?

Jumapili moja baada ya kanisa, binti yake Lorine akisonga ugali, maneno yalimtoka yote. Lorine aliacha kusonga.

"Ulimshikaje, Baba? Hebu nionyeshe." Akachukua mwiko mwingine, mkavu, akampa.

Andati akaukamata kama alivyoukamata mkono ule, kidole gumba juu, akabana. Mwiko ukapiga. Tu. Tu.

Ala! Yeye huyu, aliyewafokea wanafunzi miaka yote wasipime mapigo kwa kidole gumba, kwa kuwa kina mshipa wake wa damu na mtu hujisikia mwenyewe! Pale kitandani alikuwa mume tu, na mume hushika anavyoshika.

"Ni wangu," akasema. "Lorine, uliopiga siku ile ulikuwa moyo wangu."

"Basi hukumwacha, Baba. Mama alikuwa ameshaenda. Tumshukuru Mungu."

Alishukuru, tena kwa dhati. Halafu akahisi amefiwa upya. Pigo lile alikuwa ameliogopa miaka miwili, lakini pia alikuwa amelitunza, kwa sababu lilikuwa kitu cha mwisho alichopewa na Nabwire. Kumbe hakupewa.

Ugali ukaanza kuungua. Lorine alishika mwiko wake, akanyoosha mkono wa pili auchukue ule mkavu, na baba yake akakataa kuuachia.