Mwezi Niliousingizia

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa siisahau. Ilikuwa mchana, jua linawaka, nami nilikuwa narudi kutoka mashineni na ndoo ya unga kichwani, naimba. Niliimba kwa sababu nilikuwa nimeuhesabu mwezi nikaona siku ile haina neno. Nitafika huko. Kwanza nikueleze kwa nini nakusumbua na habari za zamani.

Juzi ulikuja kuniazima beseni. Umepanga kwangu hapa Mpanda karibu mwaka mzima sasa, hujawahi kunikosea heshima, na mimi nimekuzoea kama mtoto wa tumbo langu. Ulipoinama, kitambaa kikateleza shingoni, nikaziona zile alama za vidole. Sikuuliza. Wewe mwenyewe ukacheka, ukasema, "Bibi, huyu mwenzangu nyota yake Nge. Mwezi ukishakuwa mpevu hashikiki. Ukipita tu anatulia." Ukanionyesha na simu, ile inayochora mwezi kila siku na kueleza watu wa nyota gani wataamka na hasira na wa nyota gani wataamka na majonzi. Nikakujibu sawa, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Niliogopa, mwanangu. Miaka mingi sijaogopa hivyo.

Ndiyo maana leo nimekuita. Chai hiyo inywe taratibu, maana sitaki uondoke kabla sijamaliza.

Mimi niliolewa Inyonga nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu, Kalisto, alikuwa mrina asali. Wewe umekulia mjini, asali unaiona ikiwa kwenye chupa tu, kwa hiyo nikueleze kazi ile ilivyokuwa. Warina asali wa kwetu walikwenda porini wakati mwezi unaisha. Kwenye giza nyuki hawaoni vizuri, wanatambaa tu juu ya mzinga. Lakini kukiwa na mbalamwezi wanamfuata mtu mpaka kwenye kope. Basi mwezi ukianza kwisha wanaume wanafunga mizigo wanakwenda kambini, na ukiandama wanarudi na madumu yao. Asali nzuri inakwenda kwa wanunuzi. Ile ya mwisho, yenye vipande vya masega na nyuki waliokufa, inabaki nyumbani. Hiyo sisi wanawake tunaichanganya na maji ya vuguvugu, tunaiweka mtungini karibu na moto mpaka inaumuka, inakuwa wanzuki, pombe yetu ya asali. Wiki moja na siku kidogo iko tayari kunywewa. Piga hesabu mwenyewe mwezi unakuwa umefika wapi.

Mimi hesabu hiyo sikuipiga. Macho nilikuwa nayo, la saba nilimaliza, na wanzuki wenyewe nilikuwa nautengeneza kwa mikono yangu hii, lakini sikuipiga.

Nilichokiona ni mume wangu kubadilika. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa utani, anamrusha binti yetu Skola juu na kumdaka, ananisaidia hata kupepeta mahindi bila kujali wanaume wenzake watasema nini. Mwezi ukijaa, anakuwa mtu mwingine. Kwanza ananyamaza. Halafu anauliza swali dogo, chumvi iko wapi, nani alipita hapa mchana, na jibu lolote utakalotoa ni baya. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Na uliofuata.

Ndipo pale sokoni Inyonga akaja bwana mmoja wa mambo ya nyota, mgeni, ana meza na kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. Nikaenda na lita ya asali. Akaniuliza jina la mume wangu na jina la mama yake, akajumlisha herufi, akafunua kitabu chake. Akasema Kalisto ni Nge, nyota ya maji, na mwezi mpevu unavuta damu yake juu kama unavyovuta maji ya bahari. Mimi akaniambia ni Kaa, mtoto wa mwezi mwenyewe, na kwamba mwezi ukiisha nitakuwa nalia bila sababu. Hapo nikashtuka, mwanangu, maana ilikuwa kweli. Mwezi ukiwa haupo nilikuwa nalia mpaka kifua kinauma, na hakuna mtu aliyenigusa.

Nimetumia miaka kuelewa kilio kile. Mwezi usipokuwepo, Kalisto yuko porini. Nilikuwa nalia kwa sababu ndizo siku pekee nilizopata nafasi ya kulia. Lakini wakati ule nilimwona bwana yule kama nabii. Akanichorea karatasi ya viduara vya mwezi, vingine vimepakwa wino vingine vyeupe, akasema, "Mama, hapigi yeye. Kinachopiga ni nyota yake. Wewe hesabu, ujiepushe."

Sikudanganyi, nilitoka pale nimefurahi. Nilikuwa na mume mwema aliyesumbuliwa na mwezi, na hilo lilikuwa rahisi kubeba kuliko lile jingine.

Basi nikawa mtu wa kuhesabu. Karatasi niliibandika nyuma ya mlango. Siku zile mbili tatu za mwezi mpevu panga nalipeleka kwa jirani, napika mapema, natoa kila kitu chenye ncha, na Skola namtuma akalale kwa bibi yake, mama mkwe wangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hujawahi kuuona mwezi unaotoka alasiri, jua bado halijazama? Unakuwa mweupe, kimya, juu ya miti ya miombo. Watu wengine wanauona mzuri. Mimi nikiuona najua bado saa chache. Na nilipokuwa naogopa hivyo nilijiona mwerevu, maana naijua siku na nimejiandaa. Nilikuwa nimejifunza kuishi na hofu kwa ratiba, mwanangu, nikadhani hayo ndiyo maisha ya ndoa.

Ikaja safari moja mvua ikanyesha nje ya wakati wake, mto ukajaa, wanaume wakakwama kambini. Mwezi ukajaa wakiwa hukohuko. Nilikaa nyumbani nawahurumia wenzake. Nilijiambia leo huko porini kuna mtu ataumizwa.

Waliporudi, Mzee Mathayo, aliyekuwa mkubwa wao kambini, akapita kwangu kuteremsha madumu. Akasema huku anacheka, "Mama Skola, mumeo ametuchangamsha kweli. Mbalamwezi ile, kazi hakuna, ametuimbia mpaka mbavu zinauma. Mtu mzuri sana yule."

Nikauliza, "Mwezi ulionekana huko?"

"Mweupe kabisa. Tungeweza hata kuokota sindano."

"Na hakugombana na mtu?"

Mzee Mathayo akaniangalia. Akainama kushika dumu lake. "Agombane na nani? Huko hakuna pombe, na sisi wote ni wanaume wenye mapanga."

Maneno hayo niliyasikia vizuri, na niliyaelewa. Kitu kikaanguka ndani yangu. Kisha nikakiokota, nikakirudisha mahali pake. Nikajiambia labda mvua iliikinga nyota yake, labda mawingu. Nikashukuru Mungu kwamba mwezi mpevu wa safari hiyo umepita salama, nikachukua asali ya mabaki, nikatengeneza wanzuki kama kawaida. Hili ndilo kosa langu, mwanangu. La kwanza nilidanganywa. Hili la pili nilijidanganya mwenyewe, nikijua.

Wanzuki ukawa tayari mwezi ukiwa umebaki ukucha tu. Karatasi yangu ilionyesha duara jeusi. Kwa hiyo sikupeleka panga kwa jirani, na Skola sikumtuma kwa bibi yake. Nikamwacha na baba yake na Mzee Mathayo, ambao kwa uchovu wa safari ile walikuwa hawajarudi porini, wamekaa uani na mtungi, mimi nikaenda kusaga. Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi mchana, naimba kama nilivyokwambia.

Uani hapakuwa na mtu. Mtungi ulikuwa umelala, na stuli moja imevunjika mguu. Kalisto alikuwa ndani amelala kifudifudi, namsikia anavyokoroma. Nikaita Skola, kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta ameketi kati ya ukuta na rundo la kuni, amejibana mahali ambapo hata kuku hapiti. Alikuwa na miaka sita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, ameushika kwa ule mwingine, na alikuwa halii. Aliniangalia tu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mbona leo mwezi haupo?"

Mtoto wa miaka sita, mwanangu. Sikuwahi kumwambia neno lolote kuhusu mwezi. Alijifunza kwa kuniangalia mimi.

Nilimbeba mpaka zahanati. Sijui nilifikaje. Mama mkwe wangu, Bibi Veronika, alisikia kwa majirani akaja mbio, kitenge kimefungwa vibaya. Alikaa karibu nami kwenye benchi wakati mganga anamfunga mtoto vibao, akasubiri kilio cha mtoto huko ndani kipungue, kisha akauliza, "Nani kamvunja mtoto?"

Nikasema, "Mama, si unajua mwanao nyota yake inavyosumbuliwa na mwezi."

"Mwezi uko wapi leo?"

Nikasema, "Basi ni wanzuki, mama."

"Mathayo kanywa mtungi huohuo. Kaenda kwake, kalala. Nani kamvunja mtoto?"

Unaweza kuamini? Jina la mtu niliyelala naye miaka saba, na siwezi kulitamka. Yule mama alinishika kidevu, akanigeuza nimtazame. Alikuwa analia. Akasema, "Nimemzaa mimi. Ni mwanangu, na kesho nitamlilia. Lakini leo utasema."

Nikasema, "Kalisto. Kalisto kamvunja."

"Haya," akasema. "Sasa tunaweza kupanga la kufanya."

Asubuhi yeye mwenyewe alitupeleka kupanda basi la Mpanda, mimi na Skola, akanipa na kitenge chake. Hakuniomba nimsamehe mwanawe. Amekufa, na mpaka leo sijapata rafiki kama yeye.

Kalisto alikuja baada ya wiki mbili. Alisimama mlangoni kwa kaka yangu hapa Mpanda, tulikofikia, akiwa hajanywa, amechomekea shati, ana dumu la asali mkononi. Akasema kwa upole kabisa, "Mama Skola, rudi nyumbani. Wewe mwenyewe unajua, ni mwezi ule."

Mwanangu, hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Siku ile aliyomvunja mtoto mwezi ulikuwa haupo, na yeye alijua. Lakini yale maneno alikuwa nayo tayari, laini, yamezoeleka mdomoni, na aliyempa ni mimi na karatasi yangu ya nyuma ya mlango. Nilimhesabia siku zake, nikamtolea mapanga njiani, nikamtengenezea kinywaji, na mwisho nikampa na la kusema. Nilifunga mlango. Baadaye nilisikia ameoa tena huko Inyonga. Sijui huyo dada aliambiwa nini kuhusu mwezi, na sikumtumia salamu ya kumwonya. Hilo nalo linaniamsha mpaka leo. Labda ndiyo sababu nakusemesha hivi wewe ambaye si wa ukoo wangu.

Skola sasa ni mama wa watoto watatu, kiwiko chake hakinyooki. Anapika nacho, anafua nacho, ananitania kwamba kinajua mvua kuliko redio. Mimi nikikiona sicheki.

Sasa nasaha yangu ni hii, uichukue hata kama utanikasirikia. Sikukatazi kusoma nyota. Huenda mwezi una kazi yake mwilini, mimi sijui. Nimeshawahi kuamka mwezi mweupe nikiwa na furaha isiyo na maana, na mwezi ukifa nikawa mzito. Majonzi yako, hasira zako, furaha zako, ukitaka zisomee mwezini, hakuna anayeumia. Lakini mtu akikuwekea mikono shingoni, usiende kutafuta kitu cha juu cha kumsingizia. Angalia anawakaba akina nani na anawaacha akina nani. Bosi wake anamkaba mwezi ukijaa? Wenzake wa kijiweni? Ukiona anajua kuchagua, ujue mwezi haumsumbui. Na ukishaanza kuhesabu siku zake ili uwe salama, salama haipo tena, hata siku zile ambazo simu yako inaonyesha hakuna mwezi. Nimezihesabu mimi kabla yako, na siku niliyoitegemea hesabu ndiyo siku iliyoniumiza.

Usinijibu sasa hivi. Mlango wangu wa uani leo sifungi kwa komeo, na kitanda changu kinatosha watu wawili. Mungu aliyenipa mama mkwe wa kunishika kidevu akupe na wewe wa kukushika. Akuvushe siku hizi tatu za mwezi mpevu, na zile nyingine zote zisizo kwenye simu yako. Akupe nguvu ya kulitamka jina la huyo mwenzako kwa sauti, mwanangu, na miguu ya kuondoka ukiwa bado mzima.