Beseni la Chumba cha Kina Mama

Mama Ionie Dacres hakuwa mtu wa kusahau miguu. Majina yalikuwa yameanza kumponyoka, hata la mjukuu wake wa Atlanta alilitafuta juzi mpaka akakasirika, lakini miguu ya watu wa Kanisa la Pisga aliikumbuka yote, maana ameiosha miaka nenda miaka rudi. Miguu ya Dada Clarice, vidole vimepandana kwa kuvaa viatu vilivyoachwa na mabibi aliowatumikia. Ya marehemu Dada Eulalee, nyayo zimepasuka kwa mashamba ya miwa ya Clarendon kule Jamaika, na miaka yote ya Brooklyn, Amerika, haikuzilainisha. Mpe kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, atakusimulia kanisa zima kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.

Kanisa lilianzia kwake, kwenye chumba cha chini cha nyumba aliyopanga karibu na barabara ya Utica. Walikuwa wanawake tu, mayaya na wafua nguo na wasafishaji wa hospitali, karibu wote wamewaacha watoto kwa bibi zao Jamaika. Makanisa waliyoyakuta hapa yaliwapokea kwa tabasamu, kisha yakawaonyesha benchi la nyuma kabisa. Basi wakaimba kwao, wakapiga matari mpaka mwenye nyumba akagonga mabomba kwa nyundo kuwanyamazisha. Baadaye wakauza samaki wa kukaanga kila Jumamosi, wakachanga, wakanunua duka la fenicha lililofilisika. Enzi hizo, siku ya mavuno, viazi vikuu na mikungu ya ndizi ilijaa hadi madhabahuni, na aliyechelewa alisimama nje kwenye baridi na kofia yake nyeupe, wala hakuona vibaya.

Halafu wakaanza kupukutika. Wengine walikufa. Wengine kodi iliwashinda, wakahamia Georgia na Florida. Watoto wao wakaenda kwenye makanisa makubwa yenye skrini, ambako mtu anaingia na suruali ya jinzi na kahawa mkononi, na hakuna anayemuuliza kitu. Mama Ionie hakuwasamehe hao wa kahawa. Mwaka huu Pisga ilibaki na Mchungaji Swaby, wazee wawili wanaosinzia wakati wa mahubiri, na kina mama wawili, yeye na Clarice.

Na pale Pisga, hakuna anayekaribia Meza ya Bwana kabla ya kutawadhwa miguu. Wanaume chumba chao, wanawake chumba chao, wawili wawili. Unamwosha mwenzako, unamfuta kwa taulo, mnakumbatiana, kisha yeye anakuosha wewe. Mwenzako huyo lazima awe amezamishwa majini kwa jina la Yesu. Utaratibu huo waliutoa kisiwani, na mlinzi wake alikuwa Mama Ionie, mkali kuliko mchungaji mwenyewe.

Wiki ya Meza, Clarice alipiga simu kutoka Florida, alikokwenda kumtembelea mwanawe.

"Ionie, mwanangu hataki nirudi. Ameshavileta vitu vyangu vyote huku."

"Na Jumapili je?"

"Jumapili kuna nini?"

"Clarice! Kuna Meza! Nani ataniosha?"

Clarice akaanza kulia. "Nisamehe, dada yangu. Hata mimi huku sina wa kuniosha."

Mama Ionie alikata simu. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba moyo wake umechoka na asipange mambo ya mbali. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kufa bila kuishiriki Meza mara moja tena, aondoke duniani kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Asubuhi alikuja Mirlande, binti wa Kihaiti aliyetumwa na ofisi ya wauguzi wa majumbani. Alimpikia uji wa mahindi, akapiga magoti kumwosha miguu iliyovimba. Ofisi iliwaagiza kuvaa glavu. Mirlande hakuzivaa hata siku moja.

"Mama, mbona leo uji umeususa?"

"Jumapili sina wa kuniosha miguu."

Mirlande akacheka. "Makubwa! Na mimi hapa nafanya nini, nakaanga samaki?"

"Wewe unalipwa."

"Jumapili silipwi. Nitakuja."

Mama Ionie aliguna tu, naye Mirlande akaona amekubaliwa. Kwa kweli Mama Ionie alipaswa kumkatalia palepale, lakini moyo wake ulitamani mno. Kazi ya kulipwa aliijua. Nusu ya maisha yake aliwaosha mabibi wa Manhattan, glavu mbili mbili mikononi, mawazo yake yakiwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyempenda, na yeye hakuwapenda.

Jumapili alitayarisha chumba cha kina mama kama zamani: viti viwili vinavyotazamana, beseni la bati, maji ya vuguvugu, taulo. Mirlande aliingia na gauni jeupe na kilemba cheupe, anahema. Alikuwa ametoka kwenye misa yake kabla haijaisha. Akapiga magoti, akatia mikono majini.

"Ngoja," Mama Ionie akasema. "Ulibatizwa wapi?"

"Kwetu Jérémie, kwa padri. Nilikuwa kichanga."

"Ulizamishwa?"

"Nilimwagiwa maji kidogo kichwani. Wanasema nililia kanisa zima likasikia!" Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mchungaji Swaby alikuwa mlangoni. "Mama, tumebaki wangapi? Mwache binti akuoshe. Mungu anaona."

"Mchungaji, tulimfukuza mtoto wa Eulalee kwenye mlango huuhuu kwa jambo hilihili. Hakurudi tena, na Eulalee alilia mpaka anazikwa. Leo nijilegezee mimi? Nikimkuta Eulalee huko mbinguni nitamwambia nini?"

"Utamwambia tulikosea."

Mama Ionie alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kama walikosea kwa huyo, basi walikosea kwa wangapi? Hakuthubutu kuliendea wazo hilo. Akamgeukia Mirlande. "Mikono yako ni ya kazi, binti. Hii si kazi. Nenda nyumbani."

Mirlande akasimama, maji yanamchuruzika kwenye gauni. "Kwani kila asubuhi mikono yangu huwa michafu, Mama?"

Akaondoka.

Chumba cha pili wale wazee walianza kuimba, sauti zinakwaruza. Mama Ionie alitia miguu kwenye beseni, akajaribu kuinama ajioshe, mgongo ukakataa. Mchungaji alipomletea kikombe kidogo cha Meza, alitikisa kichwa. Alilia pale mbele ya kiti kitupu mpaka maji yakapoa, na hakukuwa na mwanamke wa kumpa hata taulo.

Jumatatu Mirlande alikuja saa yake ileile.

"Habari za asubuhi, Bibi Dacres."

Hakusema Mama. Alipika uji, akauweka mezani, akaleta beseni na kupiga magoti. Kisha akatoa glavu mfukoni, akavaa moja, akavaa na nyingine.

Mama Ionie alifungua kinywa. Alitaka kusema nisamehe, alitaka kusema zivue, lakini hakuwahi kuzoea maneno ya namna hiyo.

"Maji yako sawa?" Mirlande akauliza bila kuinua uso.

"Yako sawa."

Mikono ile ilipita kidole kwa kidole, upesi, kwa ustadi, haikuacha mahali. Mama Ionie aliutambua uoshaji huo. Mirlande alikuwa anaangalia saa ya ukutani, anawaza basi.