Kipa Aliyevua Kofia Mechi Ikiendelea

Mwanangu, tangu uliponiambia jana kwamba umevua jezi mbele ya kocha, ukaitupa chini na kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho, sijakujibu neno. Usidhani nimekosa la kusema. Nilikuwa naikumbuka siku moja kule Guangzhou, Uchina, nilipomwona binti wa umri wako akifanya hivyo hivyo, na hasira ya siku ile imenirudia yote.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, mji ule ukijengwa usiku na mchana. Ukienda Dar kupeleka mzigo, ukirudi unakuta njia uliyoizoea imezibwa na jengo jipya. Mimi nilikuwa bado msichana, nanunua suruali za jinzi kwa jumla Barabara ya Zhanqian. Shuleni Tanga nilikuwa nacheza mpira wa magongo, winga wa kushoto, na nilikuwa mzuri, usicheke. Basi niliposikia kuna timu mpya ya wasichana ya kulipwa, wengi wao hawajatimiza hata miaka ishirini, nikawa shabiki wao tangu mechi ya kwanza.

Nilimburuta na Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa Kizanzibari, mfanyabiashara mwenye ofisi yake pale jengo la Tianxiu, makamo ya mama yangu mzazi. Magongo hakuyajua kabisa. Alikuja, alisema, kupumzisha masikio na kelele za mtaa wetu wa Xiaobei, na alikaa jukwaani akibangua mbegu za alizeti huku mimi napandwa na presha.

Maana timu ile, mwanangu, ilinizeesha. Walikuwa na mbio, walikuwa na chenga, lakini akili ya mechi hawakuwa nayo. Wakipata bao la kuongoza, kila mmoja anataka lake. Wote mbele, nyuma hakuna mtu. Wakipata kona ya penalti, mmoja anausimamisha mpira vizuri kabisa, mwenzake anapiga hewa. Na mabeki! Wakibanwa kidogo tu wanamrudishia kipa mpira, kana kwamba kumrudishia ndiko kuokoa. Kipa wa watu anabaki peke yake na washambuliaji wawili, anafungwa, na mabeki wale wale wanamgeukia na kunyoosha mikono: mbona umefungwa?

Kipa huyo aliitwa Lin. Nilimfahamu kwa sababu mama yake ndiye laoban wangu, mwenye duka nililonunua jinzi.

Siku ninayokwambia, walikuwa wanaongoza. Nikamwambia Bi Zuhura, leo tumeshinda. Mechi ikielekea ukingoni, beki mmoja akarudisha mpira kizembe, mshambuliaji akauwahi na kuugusa, Lin akautokea, ukampita katikati ya miguu, ukaingia polepole huku sote tunauangalia. Jukwaa likazomea. Nahodha, beki mkubwa wa mwili, akamfokea mbele ya watu.

Lin akavua kofia ya kipa. Akavua na glavu. Akaviweka chini mbele ya goli na kutoka uwanjani, na mapedi yake makubwa miguuni, bila kumtazama mtu. Kipa wa akiba alikuwa mgonjwa. Ilibidi beki mmoja asimame golini na gongo lake, na mabao yakaingia kama mlango umeachwa wazi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kupiga kelele.

Juma lililofuata tulikwenda dukani, mimi na Bi Zuhura. Tukamkuta Lin anakunja jinzi. Alipotuona akasema, "Ayi," yaani shangazi, kisha akainamisha uso.

"Mazoezi je?" nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni.

Mama yake akajibu haraka. "Ameacha. Mwacheni. Hapa kuna kazi, na hakuna anayemzomea."

Nikamwambia Lin bao lile halikuwa lake peke yake. Nikamuuliza kama aliwahi kuwaambia mabeki waache kumrudishia mpira.

"Wamenizidi umri," akasema. "Nahodha amenizidi miaka mitano. Siwezi kumwambia hivyo."

Bi Zuhura alikuwa anapapasa kitambaa cha suruali moja kama mnunuzi. Akaiweka.

"Kumwambia huwezi," akasema. Kichina chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Kumwacha na goli tupu mbele ya watu wote, uliweza?"

Lin akaiacha suruali aliyokuwa anaikunja. Machozi yakamtoka, na mama yake akakasirika, akatuuliza kama tumekuja kununua au kumliza mtoto wake. Bi Zuhura hakutetereka. Akamwambia yule mama kwa upole, "Akitaka kuuza jinzi, auze, ni kazi ya heshima. Lakini aende kwanza akaage. Wenzake hawajui hata kilichomkera." Kisha akamshika Lin bega, na tukaondoka bila kununua kitu. Siku nzima nilimlaumu Bi Zuhura kwamba kaniharibia kwa laoban wangu.

Lin akaenda kuaga. Kilichosemwa huko sikijui. Ninachojua ni kwamba mechi kadhaa zilizofuata alikaa benchi akiwabebea wenzake maji, na siku ya kwanza aliyorudishwa golini, sauti yake tuliisikia mpaka juu jukwaani. "Usirudishe! Peleka pembeni!" Nahodha aligeuka akamkazia macho. Nikajua hapa patawaka. Lakini mpira uliofuata, nahodha akaupeleka pembeni.

Usidhani walishinda. Walifungwa kwa bao moja, na kona ya penalti walipiga hewa vile vile. Nusura nitupe chupa yangu ya chai. Lin alifungwa, akaokota kofia iliyomvuka, akaivaa, akaendelea kupiga kelele mpaka filimbi. Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kushangilia siku hata moja, alisimama akapiga makofi peke yake. Nikamuuliza anashangilia nini, tumefungwa.

"Leo wamemaliza wote," akasema, na kukung'uta maganda ya mbegu mapajani.

Niliondoka Guangzhou timu ikiwa bado inanichosha, ila walikuwa wameanza kutoka sare na kushinda hapa na pale.

Basi mwanangu, nasema na wewe sasa. Kesho asubuhi nenda kwa kocha wako. Jezi ifue kwanza. Waambie wenzako kilichokuuma, uwaambie kwa mdomo, hata kama wamekuzidi umri. Kukaa kimya mpaka upasuke si adabu. Na ukiona huwezi tena, ondoka, sitakulazimisha. Lakini ondoka filimbi ikishalia, kwa kuaga, si kwa kuwaachia wenzako goli tupu. Timu changa itakuudhi, na wewe utaiudhi, na sisi wa jukwaani mtatuudhi wote. Tutakasirika, na mechi ijayo tutakuja tena.

Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, moyo wa kusikia ukiambiwa, na wenzako awape wema wa kukupokea kesho ukirudi. Nenda kalale, mwanangu. Nakupenda, hata nikiwa nimekasirika hivi.