Boti ya Kuanzia na Haya ya Mama Mkwe

Mke wangu anampenda mkwe wetu kuliko anavyonipenda mimi, na ushahidi ninao: siku kijana huyo akija kula kwetu, firigisi ya kuku huhama kutoka sahani yangu kwenda yake. Ila hazungumzi naye. Kwetu, nyanda za juu tulikotoka, mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi kochi moja, na neno la mmoja humfikia mwenzake kupitia kwa mtu wa tatu. Hapa nyumbani Temeke mtu wa tatu ni mimi.

"Mwambie mkwe ale, chakula kinapoa," husema mke wangu kutoka mlangoni mwa jikoni, mgongo nusu umetugeukia.

"Mama anasema ule."

"Asante, baba. Mwambie mama nimeshiba."

"Anasema ameshiba."

"Mwambie hajashiba."

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na nimefundisha vijana wengi kipaimara, lakini hakuna huduma niliyoifanya kwa uaminifu kama hii ya kupeleka na kurudisha maneno kuvuka bakuli la mchuzi. Namshukuru Mungu kwa sikio zima.

Habari ya boti ililetwa na dada yake mke wangu, ingawa mwenyewe hakujua. Dada huyo ni mkubwa kwake. Aliolewa kijiji cha pwani, mbele kabisa ya Kigamboni, na huko amezeekea. Magoti yake hayakubali tena kupanda gari. Mke wangu naye, tangu alipoteleza bafuni, mgongo wake hauiwezi ile barabara ya mashimo. Mara ya mwisho tulipokwenda alirudi akalala kifudifudi siku nyingi, na daktari akamkataza safari ile. Tangu hapo wanaonana kwa simu, na kwa kuwa dada hajui kuishika vizuri, mke wangu huonyeshwa paji la uso na kipande cha dari. Wakimaliza, hubaki ameishika simu mkononi kama mtu anayesubiri irudi kusema kitu walichosahau.

Mkwe aliliona hilo. Yeye ni karani bandarini, na dirisha la ofisi yake linatazama maji, kwa hiyo kila mwaka anazidi kujiona nahodha. Jumapili moja baada ya ibada akaniita pembeni.

"Shikamoo tena, baba. Nina ishu. Kuna boti inauzwa Kigamboni, ndogo, ya faiba, bei yake si mbaya. Bahari haina mashimo, baba. Asubuhi ikiwa shwari tunafuata ufukwe taratibu, mama anafika kwa dada yake hajatikisika."

"Umemwambia mkeo?"

"Kasema kama mama hatapanda, tusinunue. Boti ya kwenda kupigia picha haitaki."

Nikamsifu moyoni: kweli ni binti wa mama yake. Tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayeikagua boti, kwa sababu, kama alivyosema mkwe, mimi nina subira. Nilifahamu maana yake: nina muda.

Muuzaji tulimkuta uwanjani kwake karibu na ufukwe, mtu wa makamo mwenye miwani ya jua iliyokaa utosini, macho yenyewe yakikunjwa na jua. Boti ilikuwa nyeupe yenye mstari wa bluu, imekalishwa juu ya magogo.

"Karibu mzee wangu. Hii ni boti ya kuanzia."

"Ya kuanzia nini?" nikamuuliza. "Maana kwa umri wangu kuna safari ambazo sina haraka ya kuzianza."

Akacheka. "Ya kuanzia kumiliki, mzee. Halafu ni boti ya familia kabisa."

"Familia ya nani? Kwetu mtoto mmoja akipata kipaimara tunajaza basi."

Nikaigonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, mbele hadi nyuma, kama ninavyofanya Buguruni nikichagua tikiti maji. Sehemu moja mlio ulikuwa mzito kuliko kwingine. Muuzaji akakiri kwamba hapo pamewahi kuzibwa, na nikampa alama kwa kutouma maneno. Kisha nikamwomba amimine maji ndani.

"Mzee, maji tunayataka yakae nje!"

"Ndiyo. Yasipoweza kutoka, hata kuingia hayataweza."

Yakamiminwa. Nikaizunguka boti nikiinama, nikipapasa kitako chake kwa kiganja. Kikavu. Mkwe akapumua kwa nguvu, nikatambua alikuwa ameacha kupumua tangu tuanze. Injini ilipovutwa kamba ilikohoa, ikatema moshi, ikafikiri, ikakubali. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa na vifungo vilivyokatika, na muuzaji akaahidi kuleta mengine. Kwa boti ya bei ile sikuona sababu ya kulalamika.

Ndipo nikaona viti. Kiti cha nahodha kilikuwa katikati, nyuma ya usukani, kikitazama mbele. Mbele yake kulikuwa na benchi la abiria, nalo lilitazama nyuma. Nikamkalisha mkwe kwenye usukani, mimi nikakaa benchini. Magoti yetu yakagusana, na tukawa tunatazamana kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Mkwe akaniangalia. Nikamwangalia. Wote wawili tukamwona mama amekaa pale nilipokaa.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti ya chini.

"Kuna nini?" muuzaji akauliza.

"Magoti," nikamjibu.

"Mzee, wateja wangu wanaulizaga injini. Wanaulizaga mafuta. Wewe unauliza magoti?"

Nikamweleza. Kumbe na yeye ana mama mkwe, mtu wa Kusini, akaelewa mara moja. Akatuonyesha kwamba nyuma kabisa, nafasi iliyokaliwa na tangi la mafuta, panaweza kuwekwa kiti kama tangi likisogezwa. Nyuma pia boti hairuki sana, jambo jema kwa mgongo. Tukapima, na tukakubaliana kumaliza malipo mama akishaijaribu na kuikubali. Mkwe akaenda Keko kwa mafundi wa samani, akachongesha benchi fupi lenye mgongo na kulivalisha godoro. Fundi, akidhani ni la sebuleni, alilitia vifundo vya urembo. Hivyo boti yetu ya kuanzia ikawa na kiti cha nyuma kinachofaa kukaliwa na askofu.

Siku ya kuijaribu mke wangu alivaa gauni la ibada na kilemba. Binti yetu alibaki ufukweni na mtoto wake mchanga. Kupanda kulikuwa na shughuli, kwa kuwa mikono yenye nguvu kuliko yote pale ilikuwa ya mkwe, nayo ndiyo isiyoruhusiwa. Muuzaji aliposogea, mke wangu akamtazama tu, naye muuzaji akarudi alikotoka. Mwisho tukaweka kiti cha plastiki ndani ya maji, binti akamshika mkono huu, mimi mkono ule, na mkwe akageukia bahari akiitazama kwa umakini mkubwa hadi alipoambiwa mama ameketi.

Nikaomba. Niliomba kwa kirefu kidogo, nikiitaja injini. Tukaondoka, mkwe kwenye usukani, mke wangu nyuma yake kwenye kiti chake cha kiaskofu, na mimi kwenye lile benchi la mbele, nikiwatazama wote wawili. Kwa kazi yangu palikuwa mahali pazuri.

"Mwambie anakwenda mbio!" alipaza sauti mke wangu.

"Mama anasema unakwenda mbio!"

"Nimesikia, baba!"

"Amesikia!"

"Mwambie asiseme amesikia, apunguze!"

Mkwe akapunguza kabla sijafungua mdomo, jambo ambalo kwa utaratibu wetu si sahihi, lakini sikulikemea. Maji yalikuwa yametulia. Mke wangu akaanza kuutazama ufuo ukipita, na mkono wake ukalegea kwenye ukingo wa boti. Nikafurahi moyoni. Nikafumba macho nishukuru.

Sikuona kilichofuata, nilikisikia. Meli kubwa ilikuwa imepita mbali, na mawimbi iliyoyaacha yakatufikia kwa ubavu. Boti ikapanda, ikaanguka, maji yakatumwagikia. Nami, badala ya kufumbua macho, nilibadili sala ya shukrani kuwa sala ya kuomba msaada, nikaendelea.

"Mwambie ageuze mbele!" nilimsikia mke wangu. "Mzee! Mwambie alielekee wimbi!"

Nilikuwa katikati ya ombi.

"Mwanangu, lielekee wimbi! Lielekee! Pole pole!"

"Sawa, mama!"

"Usinigeukie mimi! Tazama mbele!"

Nikafumbua macho. Mkwe alikuwa amekakamaa kwenye usukani, na nyuma yake mama mkwe amekamata shati lake kwa mikono miwili, kitambaa kimekusanyika kwenye ngumi zake. Boti ikalikabili wimbi la pili kwa pua, ikapanda, ikateremka vizuri. La tatu likawa dogo. Kisha bahari ikanyooka.

Mke wangu akaliachia shati, akalinyoosha makunyanzi kwa kiganja, mara moja, haraka, kama anavyonyoosha kitambaa cha meza. Mkwe hakugeuka. Alikaa wima tu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mgongo?" nikamuuliza mke wangu.

Akajipapasa kiunoni, akafikiri. "Upo salama," akasema kwa mshangao. Kisha akakitazama kisogo cha mkwe wake. Nikakaa sawa kusubiri ujumbe.

"Mwanangu," akasema, taratibu, akiyapima maneno yake, "hiki kiti kachonga nani?"

"Fundi wa Keko, mama."

"Vifundo vya nini?"

"Hata mie sijui, mama."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka mbele ya kijana huyo tangu harusi.

Tuliporudi ufukweni binti yetu akatukimbilia kuuliza hukumu. Mke wangu alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, gauni likichuruzika, akataka simu. Dada yake akapokea. Likatokea paji la uso.

"Dada, mwezi huu nakuja. Kwa bahari. Boti nyeupe yenye mstari wa bluu, uichungulie."

Paji la uso likasogea, likawa jicho. "Nani anakuleta?"

"Mkwe."

Ikaja sauti yenye wasiwasi: "We! Na mimi ni mkwe wake vilevile! Akishuka hapa mbele ya watu nitamsalimiaje?"

Mke wangu akanitazama nilivyokuwa nakamua maji kwenye soksi.

"Usijali," akamwambia. "Namleta na mzee. Atakusaidia wewe, mie sina kazi naye tena."